Barua ya wazi: Pimeni maji ya Sabaki, kisha mtuambie mlichopata

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, wawakilishi wa wadi za Malindi na Magarini, na ninyi wa mamlaka za kitaifa mnaosimamia mazingira, maji, uvuvi na wanyamapori.

KUH: MAJI YA MTO SABAKI, WANAOYAOGELEA NA WANAOISHI NDANI YAKE

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naingia moja kwa moja kwenye haja yangu.

Vuli ikishanyesha huko bara na kaskazi ikaanza kuvuma, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Wakati wa kusi maji ya Sabaki husukumwa juu, kuelekea Mambrui na Ngomeni, na sisi wa mjini huyasahau. Kaskazi ikiingia hugeuka, yakateremka kusini na kutanda ghuba nzima kwa wekundu wa udongo, hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Na msimu huohuo ndio shule zinafungwa, wageni wanateremka kutoka Nairobi na ng'ambo, watoto wanashinda baharini. Kila mwaka swali ni lilelile, ufuoni na barazani: haya maji yanaogeleka?

Hakuna anayejua. Muuza madafu atakwambia huo ni udongo tu, hauna neno. Mwenye hoteli atakuonyesha bwawa lake. Mama mwenye watoto atawazuia siku mbili tatu, kisha atachoka. Mimi ni mwalimu wa sayansi, kwa hivyo watu hudhani ninalo jibu, nami huishia kuwaambia kwamba rangi peke yake haisemi kitu. Maji mekundu yaweza kuwa salama kwa mwogeleaji, na maji meupe pee yakawa yamechanganyika na kinyesi. Jibu hupatikana kwa kupima, na kupima ni kazi yenu.

Najua mtakaloniambia: maji yanapimwa. Ni kweli yapo yanayopimwa. Baricho, ambako visima vya kando ya mto hutoa maji yanayonywewa Malindi, Kilifi hadi Mombasa, maji hayana budi kupimwa kabla hayajaingia mabombani. Lakini hayo yamekwisha kuchujwa na mchanga wa ukingo wa mto kabla ya kufika kisimani. Ukiyapima umejua kama yanafaa kunywa. Hujajua lolote kuhusu kijana anayejitosa karibu na daraja la Sabaki, wala kuhusu mkizi na kamba wanaokulia mlangoni mwa mto. Kunywa, kuogelea na kuishi majini ni haja tatu mbalimbali, kila moja na vipimo vyake, na mto waweza kufaulu kwa moja ukaanguka kwa nyingine. Maji yenye chumvi nyingi hayanyweki ila samaki wa baharini hayamdhuru. Maji yasiyo na bakteria hata mmoja yaweza kumuua samaki kwa kukosa hewa.

Nianze na waogeleaji. Kwenye maji ya kuogelea hakisakwi kila kijidudu cha maradhi, maana ni vingi na gharama yake haibebeki. Hutafutwa bakteria wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana, kinyesi kimeingia, na huenda maradhi yamefuatana nacho. Mtoni kwenye maji matamu huhesabiwa wale waitwao E. coli. Mlangoni mwa Sabaki na ufuoni, ambako kuna chumvi, afadhali bakteria waitwao enterokoki, kwa sababu hao hustahimili chumvi zaidi. Ukipima E. coli pekee baharini waweza kuambiwa maji ni masafi, kumbe bakteria wamekufa kwa chumvi na virusi wangali wazima.

Shirika la Afya Duniani liliweka madaraja manne mwaka 2003. Enterokoki wasiozidi 40 kwa mililita 100 za maji, hatari ya mwogeleaji kuugua tumbo ni chini ya asilimia 1. Kuanzia 41 hadi 200, ni kati ya asilimia 1 na 5. Kuanzia 201 hadi 500, kati ya 5 na 10. Wakipita 500, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wanaoingia majini aweza kutoka na ugonjwa. Na daraja halitolewi kwa chupa moja. Huchukuliwa sampuli nyingi kwa muda, na kiwango ni kile ambacho asilimia 95 ya sampuli hazikivuki. Niongeze kwamba hesabu hizo zilitokana na watu wazima wenye afya waliooga kwenye bahari za Uingereza. Watoto wetu hukaa majini tangu asubuhi mpaka adhuhuri na kuyameza wakicheza, kwa hivyo sioni kwa nini turidhike na kipimo kilegevu kuliko hicho.

Sheria tunayo, tena si ya jana. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ziliweka jedwali zima la maji ya burudani. Jedwali la Nne la Katiba limeweka fuo na mahali pa burudani mikononi mwa kaunti. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hivyo siombi jambo jipya. Naomba lililokwisha kuandikwa lifanywe mahali ambapo watu wanaoga kweli.

Liko jambo moja ambalo hesabu za bakteria haziwezi kulionyesha, nalo ni kichocho. Ugonjwa huo si mgeni kwetu pwani, na hautoki baharini. Hutoka kwa konokono wa maji matamu yaliyotulia, kwenye vidimbwi vinavyobaki kando ya mto maji yakipungua, ambamo watoto wa Garashi na Lango Baya huona ni mahali salama kuliko mtoni kwenyewe, kwa kuwa mtoni kuna mamba. Vidimbwi hivyo vyaweza kutoa matokeo mazuri ya E. coli vikawa bado vinaambukiza. Atakayetumwa kupima aangalie na konokono. Hilo halihitaji mashine, linahitaji macho na chekecheke.

Sasa viumbe wa majini. Kipimo cha kwanza ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki wengi wanahitaji kama miligramu 5 kwa lita ili waishi na kukua vizuri; ikishuka hadi 2, wanaoweza kukimbia hukimbia na wasioweza hufa. Hapa petu hali ya hewa yenyewe imetupunja: maji matamu ya nyuzi joto 20 huweza kubeba kama miligramu 9, ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Tunaanza na akiba ndogo, kisha juu yake uchafu unaooza unakula oksijeni hiyohiyo. Amonia nayo, inayotokana na mkojo, kinyesi na mbolea, huzidi ukali maji yakiwa ya moto na kiwango cha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, kikiwa juu. Ndiyo maana viwango vya mito ya nchi za baridi haviwezi kuhamishiwa Sabaki vivyo hivyo.

Na saa ya kupima ina maana yake. Mchana mimea na mwani hutengeneza oksijeni. Usiku huivuta kama sisi. Kwa hivyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Afisa akiondoka mjini saa nne asubuhi baada ya chai, akafika mtoni saa sita jua la utosi, atapata namba nzuri na ataiandika kwa nia njema kabisa, na samaki waliokwisha kutweta alfajiri hawamo kwenye ripoti. Naomba radhi kwa maafisa wanaoamka mapema, nawajua wapo.

Lakini mashine husoma maji ya dakika ile tu. Wanaojua yaliyopita mtoni wiki nzima ni wadudu. Upande wa Lango Baya, mahali ambapo mkono mdogo wa mto hupita taratibu kwenye majani, wanafunzi wangu huchota kwa wavu, baada ya mtu mzima kuhakikisha hakuna mamba, na kumimina kwenye beseni jeupe. Mwanzo huona tope tu. Ukingoja litulie, beseni huanza kutembea. Hujitokeza kamba wadogo wanaoonekana matumbo, mabuu ya kereng'ende yenye taya inayochomoka ghafla kunasa mawindo, na siku nzuri vidudu vyembamba vya mikia mitatu, mashavu yao yakipepea ubavuni. Hao wa mikia mitatu ndio tunaowatafuta, kwa sababu hawavumilii uchafu. Siku mbaya beseni huwa na viminyoo vyekundu peke yake. Wekundu wao ni wa damu inayoshika oksijeni kidogo iliyopo, kwa hivyo huishi pale ambapo wengine wameshindwa.

Huo si mchezo wa watoto. Afrika Kusini wameujenga mfumo mzima wa kuipa mito alama kwa wadudu wake, wenye toleo jepesi la wananchi na shule liitwalo miniSASS, na Tanzania nao wametengeneza wao unaofuata misingi hiyo. Kila kundi la wadudu lina alama. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya makundi, unapata hali ya mto. Mito ya mchanga hupimwa kwa kiwango tofauti na ya mawe, na Sabaki wetu ni wa mchanga. Mlangoni, chumvi inapoingia, njia hii haifai tena, na hapo lazima tutazame wengine: kamba, kaa, vifaranga vya samaki kwenye mikoko, na ndege.

Kuhusu tope naomba tusiwe wepesi wa kuhukumu. Watafiti wamekadiria kwamba mto huu hubeba mamilioni ya tani za udongo kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa imemomonyoka kwenye mashamba na malisho ya juu. Udongo huo hutua juu ya matumbawe ya hifadhi ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, na kuyanyima mwanga. Matumbawe hayohayo yalipauka kwa joto mwaka 1998, na kiumbe aliyedhoofika mara moja hahitaji mzigo wa pili. Kwa upande wa pili, tope hilo ndilo lililotengeneza matandazo, yaani tambarare za tope, kwenye mlango wa Sabaki, ambako heroe husimama kwa mamia na ndege wa pwani hutua wakitoka Ulaya na Asia. Ndilo linalolisha kamba wa Ghuba ya Malindi na Ungwana, ambao familia nyingi huwategemea. Atakayekuja na kauli kwamba Sabaki lazima uwe mweupe hajaujua mto huu. Linalotakiwa kujulikana ni tope kiasi gani, la msimu gani, na limebeba nini, kwa sababu bakteria hujishikiza kwenye chembe za udongo na kujificha na jua ambalo lingewaua, na madini mazito husafiri hivyohivyo.

Kupima jinsi tope linavyozuia kuona majini ni rahisi kuliko yote. Mwaka 1865 padri mmoja mwanafalaki, Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina ambacho ilipotea machoni. Mpaka leo sahani hiyo ndiyo hutumika. Alikuwa Mwitaliano, na Malindi hilo halitamshangaza mtu. Mvuvi yeyote wa Mambrui aweza kufundishwa asubuhi moja.

Kisha Nairobi. Mazungumzo yote ya Sabaki hapa kwetu huishia hapo: mto unaanza kama Athi, unapokea Mto Nairobi pamoja na maji taka ya jiji, unaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, na sisi wa mwisho ndio tunaofikiwa na yote. Malalamiko hayo ni ya haki kwa plastiki, kwa mbolea iliyoyeyuka, kwa madini yaliyoshikamana na udongo. Kwa bakteria wa kinyesi si ya haki sana. Hao hufa njiani kwa jua na muda, na mto una mamia ya kilomita. Wakionekana kwa wingi mlangoni, yaelekea wametoka karibu: mifugo inayonyweshwa mtoni, vyoo vya kando, na sisi wa mji wenyewe, ambao sehemu kubwa yetu tunategemea vyoo vya shimo na matangi ya maji taka. Lori za kunyonya vyoo tunaziona zikipita. Zinakomwaga kila usiku, sina hakika kila mtu ameuliza. Mkipima sehemu kadhaa za mto badala ya moja, mtajua uchafu unaingilia wapi, na huenda jibu likatuaibisha sisi kuliko wao. Na liwe.

Sababu ya kutosubiri ni Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale Thwake inapoungana na Athi. Litashika zaidi ya mita za ujazo milioni 600, na maji yakisimama, udongo hutua. Likifanya kazi kikamilifu, mto utakaofika kwetu hautakuwa huu: tope litapungua, mafuriko yatabadilika, na maji yanayoachiliwa kutoka chini ya bwawa mara nyingi huwa na oksijeni kidogo. Huenda matumbawe yakanufaika na matandazo ya ndege yakaliwa na bahari. Baada ya miaka kumi tutagombana kuhusu nani kaharibu nini, na bila kipimo cha kuanzia kila upande utaapa kwa kumbukumbu zake. Kipimo hicho hakiwezi kuchukuliwa kwa kurudi nyuma.

Niseme ninavyoona ifanywe. Sampuli zichukuliwe Lango Baya, darajani Sabaki, mlangoni, ufuo wa Mambrui na ufuo wa mjini karibu na gati. Kila mwezi, na zaidi ya hapo siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza, maana mvua hiyo ndiyo huosha vyoo na mazizi yote kwa mkupuo. Kupima Februari mto ukiwa chini na kuandika "hali ni nzuri" ni kujidanganya. Oksijeni ipimwe alfajiri. Chupa za bakteria ziwekwe kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa chache, na maabara si lazima iwe Nairobi: Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mombasa. Vikundi vya usimamizi wa fuo vina wavuvi wanaopita mlangoni kila siku na wangefurahi kulipwa kidogo kubeba kasha la barafu. Shule zetu zifanye kazi ya wadudu. Mimi wanafunzi wangu tayari wanaijua.

Kisha yatangazwe. Hapa ndipo nilipokwama. Niliwahi kwenda ofisi moja kuuliza matokeo ya maji ya ufuo, nikaambiwa kwa upole kwamba yapo ila ni ya ndani, yakitoka yataharibu biashara ya wageni. Naielewa hofu hiyo, mji huu unakula kwa wageni na mimi nina ndugu mahotelini. Lakini wageni wetu wengi wanatoka Italia, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inalazimisha hali ya maji ya kuogelea itangazwe palepale ufuoni. Wao wamezoea ubao unaosema "leo usiingie, rudi kesho kutwa". Wasiouzoea ni sisi. Ubao huo hauharibu biashara kama inavyoiharibu familia nzima iliyorudi kwao na homa ya matumbo na kuisimulia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ubao uwe wa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, wenye tarehe ya kupimwa. Usiandikwe namba tupu; uandikwe daraja na maana yake: ogeleeni, ogeleeni kwa tahadhari, msiogelee. Kando yake uwepo mstari wa samaki: maji ya mlangoni wiki hii yana hewa ya kutosha au la. Redio za hapa zitatangaza bila kudai hata shilingi, nina hakika, kama zinavyotangaza hali ya bahari kwa wavuvi. Na pale matokeo yatakapokuwa mabaya, tuambiwe pia nani amepewa kazi ya kutafuta chanzo na anatarajiwa kurudi na jibu lini.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu. Kwa hivyo pamoja na barua hii ya wazi napeleka ombi rasmi kwa maandishi, nikiomba matokeo yote ya maji ya Sabaki, ya mlangoni na ya fuo za Malindi na Mambrui mliyo nayo tangu kanuni za 2006 zilipoanza kutumika, pamoja na tarehe na saa ya kila sampuli. Kama hayapo, naomba niandikiwe hivyo. Yakipatikana nitayabandika shuleni na kwenye ubao wa gati, na wazazi watakaouliza nitawaelekeza wayasome huko.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mwalimu wa sayansi, Malindi